Nyumba Aliyolala Mgeni

Usinicheke. Najua unachofikiria: mjinga huyu alipotezaje nyumba aliyoishi miaka kumi na mmoja? Niliipoteza kwa adabu. Ndiyo, adabu, ile tuliyofunzwa kwamba mgeni ndiye mkubwa wa boma.

Naitwa Nanyama, mzaliwa wa Bungoma. Niliolewa na Kiarie kule Mvukeni, kimji kidogo kilichokaa juu ya moto. Sitii chumvi. Ukichimba choo, mvuke unakupiga usoni. Hewa inanuka mayai yaliyooza, na mabomba ya kampuni ya umeme wa mvuke yamepita nyuma ya nyumba zetu yakivuma mchana kutwa. Viazi tunavitia kwenye gunia, tunavishusha kwenye shimo la mvuke, na kabla hujamaliza kufua vimeiva. Kiarie alijenga nyumba ya mabati, vyumba viwili, akaweka sakafu ya simiti, kisha akafa. Nikabaki na binti yetu Emmah, na mama mkwe wangu, Cucu Wangui, ambaye nyumba yake ya udongo iko hatua kumi kutoka kwangu.

Mwaka jana akaja Ciru. Mtu wa Kileleshwa, Nairobi, mgongo unamsumbua, na ameambiwa mvuke wa ardhini unaponya. Alitaka familia ya kukaa nayo wiki tatu. Cucu akasema, "Mgeni hawezi kulala kwa udongo na nyumba ya simiti iko. Mpishe." Nikampisha. Nikamtandikia kitanda nilicholala na marehemu, mimi na Emmah tukahamia jikoni kwa Cucu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ya tatu tulimpa maji moto ya kuoga, tena niliyoyabeba mimi mgongoni. Na alikuwa mtamu, haki! Aliniita dada. Alimsuka Emmah nywele. Nilimpenda, mjinga mimi.

Siku ya kumi na mbili kampuni ikatuma watu wa kuhesabu, bila kutangaza. Walitaka kuchimba kisima kingine cha mvuke pale petu, kwa hivyo kila mwenye nyumba angejengewa nyingine ng'ambo ya bonde. Asiyehesabiwa aondoke tu. Sheria yao ilikuwa moja: atakayekutwa ndani asubuhi ndiye mwenye nyumba, ati ndio watu wa mbali wasije kudanganya. Wakati huo mimi nilikuwa shimoni nikimwivishia Ciru viazi. Niliporudi na gunia nikakuta mlango wangu umepigwa nambari kwa rangi nyekundu, na Ciru amesimama pale na leso yangu kiunoni, anarudishiwa kitambulisho.

"Waliuliza tu nani amelala hapa," akaniambia. "Nikasema mimi. Usijali, Mama Emmah, tutarekebisha."

Tutarekebisha! Wiki hiyo hiyo alirudi Nairobi. Simu alikuwa akishika, baadaye akaacha kushika. Cucu alienda kwa chifu akaandikiwa barua. Ofisi ya kampuni ikajibu kwamba barua haifuti jina, aje mwenye jina alifute mwenyewe. Nyumba za ng'ambo zilipokamilika, Cucu alipata yake, chumba kimoja, na shemeji Macharia akahamia humo na mke na watoto wanne. Akaniambia bila aibu, "Wewe si una kwenu Bungoma?" Kwetu wapi! Baba alishakufa, na ndugu zangu waliuza shamba lote. Sisi tusio na nambari tukapewa hadi mwisho wa mwezi, kisha tingatinga lipite.

Basi nikamfuata Ciru Kileleshwa. Askari wa geti alinisimamisha juani saa mbili nzima, lakini Ciru alishuka mwenyewe, akanikumbatia mpaka nikaanza kulia. "Umekonda, wee! Kesho twende mjini pamoja, nitasema kila kitu." Ati kwake kumejaa, kwa hivyo nikaenda Uthiru kwa binamu yangu Lornah. Nikamwambia, "Unaona? Watu wa Nairobi si wabaya." Lornah akasonya tu.

Ofisi iko katikati ya jiji, ghorofa ya nne. Karani wao ni Bwana Ogutu, mtu mpole, wa miwani. Alifungua faili akamwuliza Ciru, "Madam, huyu mama anasema nyumba ni yake na wewe ulikuwa mgeni. Unamjua?"

Ciru akanitazama, akatabasamu vizuri kabisa.

"Namjua sana. Alikuwa ananipikia."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ananipikia, ananichemshia maji, ananifulia," akaendelea. "Mtu mwaminifu sana. Muulize mwenyewe."

Ogutu akanigeukia. "Mama, ulikuwa unampikia?"

Sasa niambie wewe, ningejibu nini? Mtu akikana kwamba alimlisha mgeni, si amejitukana yeye na waliomzaa?

"Nilimpikia," nikasema, "lakini..."

"Na kumfulia?"

"Nilimfulia. Alikuwa mgeni wangu!"

"Na wewe ulikuwa unalala wapi?"

"Jikoni kwa mama mkwe."

Akaandika. Nilisoma kalamu ikitembea: mfanyakazi wa nyumbani. "Wafanyakazi hawajengewi, mama. Pole sana," akasema, na akafunga faili.

Nilipiga kelele nikamwita Ciru mwizi, nikamwita mchawi, mpaka askari akanishika mkono akanitoa. Ciru akanifuata kwenye ngazi. Hata hakuwa amekasirika.

"Miaka kumi na tano ninapangisha, Mama Emmah. Sijawahi kuwa na kitu chenye jina langu. Ungekuwa mimi ungekiachilia?"

"Ndiyo!" nikamwambia. "Ningekiachilia!"

"Basi ndio maana hauna." Akatoa kitambaa akanipa nijifute. "Sikiza. Kazi yangu iko huku, na ile nyumba mpya ya ng'ambo haiwezi kukaa bure. Nitakuwa naleta watu wa kuoga mvuke, wakae wiki, wiki mbili. Nataka mtu wa kuwapikia na kuwapokea, na hiyo kazi unaiweza kuliko mtu yeyote. Kuna kachumba nyuma, wewe na Emmah mtatoshea."

Nilitaka kumpasua ule uso. Niliinua mkono, Mungu ananiona, niliuinua kabisa, na yeye hakurudi nyuma hata hatua moja. Zilikuwa zimebaki siku sita tingatinga lipite.

Nikaushusha mkono.

"Kuanzia lini?" nikamwuliza.