Dari ya Nusu Duara

Kila alfajiri mzee alifumbua macho chini ya mkono wa mkewe. Dari nzima ya chumba ilijaa nusu duara zilizopandana kama magamba ya samaki, zote zikiinamia upande mmoja, kwa kuwa marehemu mkewe, aliyezichora, alikuwa wa shoto. Walipokuwa wachanga katika ndoa, yeye alitangulia kupaka plasta ya unga wa dukani kwa mwiko, mke akafuata juu ya meza na brashi ngumu, akiizungusha kabla plasta haijakauka.

“Taratibu basi, bwana wee, mimi sina mabawa,” mke alimwambia. Naye, kwa kupenda kumsikia akilalamika, alizidi kukimbia. Karibu na dirisha plasta ilikuwa imeshaanza kuganda, ndiyo maana duara za pale ziligongana.

Sasa binti yao alitaka kurudi nyumbani na kichanga chake, lakini alikataa kukilaza chini ya dari ile kabla plasta yake haijapimwa. Fundi, aliyebandikwa jina la Popo kwa sababu riziki yake ilikuwa darini, alikuwa ameloanisha sehemu ndogo, akabandua kipande cha kupeleka maabara. Leo alirudi na majibu: plasta ilikuwa na asbesto, yale madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu.

“Ikwanguliwe yote,” alisema binti.

“Dada, ukiikwangua ndipo unapoiamsha,” alijibu Popo. “Vumbi lake ndilo linaloua. Hii bado imeshika, haijapasuka. Nitafunga fremu ukutani, nishushe dari mpya ya jipsamu chini yake. Ya zamani hata siigusi.”

“Hakuna wa kuifunika,” alisema mzee. “Unga huu wa plasta tuliuziwa na wakubwa wa kiwanda, wakatuapia ni salama. Wao wanalala chini ya nini?”

“Sijui, Mzee. Hao hawajawahi kuniita.”

Binti hakucheka. “Baba, mtaani kutwa unawalaani kwamba unga wao ulimmaliza Mama kifua. Leo mjukuu wako alale chini yake?”

Ni kweli, mzee aliulaani unga ule kwa kila aliyemsikiliza, na kwa wengi waliokwisha kuchoka kusikiliza. Madaktari walisema hawana hakika na chanzo, naye akawatia hao pia katika kapu la wakubwa. Kisha alirudi nyumbani, akavua viatu, akajilaza chini ya unga uleule na kujiona yuko na mkewe. Hasira akaiweka huku, mapenzi kule, wala hakuwahi kuvikutanisha. “Duara zile alizichora mama yako,” alisema.

“Sikujua,” binti alisema polepole, macho yakiwa juu, “kumbe ni kazi ya mkono wa Mama?”

“Hukuuliza.”

“Hukusema, Baba.”

Mzee akakaa kitandani. Akamwonyesha zilipoanzia, pembeni kwa mlango, zikiwa bado nene na za woga. Akamwonyesha zilivyonyooka mkono ulipozoea. “Hapa katikati alikuwa anaimba,” alisema. “Wewe ulikuwa tumboni. Nikamwambia ashuke, nitamalizia mwenyewe. Akaniambia mkono wangu ni wa kusiriba vyoo.”

Popo akageukia dirisha, akijitia kupima ukuta.

Binti alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja. Alipeleka kidole hewani, akafuata duara moja kutoka chini, taratibu, bila kuigusa. Mzee alimtazama. Tangu mazishi hakuwa na mtu wa kuitazama dari ile pamoja naye.

“Hiyo fremu,” alimuuliza fundi hatimaye, “itaacha nafasi kati?”

“Kama upana wa kiganja, Mzee.”

“Na duara zitabaki?”

“Zitabaki zilivyo. Ila hutaziona tena.”

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaanza kukunja godoro lake kupisha kazi. Binti akashika ncha ya pili.