Seli Zilizobanana

Kioo cha sampuli kilikuwa na namba tu, kama vioo vyote vinavyoletwa maabara. Mtaalamu wa seli alikiweka chini ya darubini bila kujua ni cha nani. Maelezo ya kliniki yalisema mgonjwa alitibiwa maambukizi ya shingo ya kizazi, na kweli chembe nyeupe za damu zilikuwa tele. Alikuwa karibu kukitoa alipoona, pembeni kabisa, kikundi cha seli ndogo zenye viini vyeusi tititi. Zilikuwa zimebanana mpaka kiini kimoja kimebonyea kukipisha kingine. Chembe nyeupe hazibanani namna ile.

Akaandika kwamba zinatia shaka, zipitiwe tena. Alipofungua kompyuta kuingiza majibu, jina likatokea. Lilikuwa la wifi yake.

Huyo wifi, dada wa mumewe, alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa maneno mengi na sauti ya kuamuru. Alikuwa akiona matone ya damu kwa muda, akiyapuuza, mpaka mtaalamu mwenyewe alipomshikia bango akapime.

Mtaalamu alibeba kioo mpaka kwa daktari wa patholojia, mkuu wake wa kazi. Daktari alikitazama kwa muda mrefu.

"Mimi naona maambukizi ya kawaida," alisema. "Jina umelijua kabla au baada?"

"Baada. Nilikuwa nimeshaandika."

"Basi kuanzia sasa kaa pembeni. Si kwa ubaya. Macho yakishampenda mtu, yanaona mengi au hayaoni kitu."

"Nakaa pembeni, Daktari. Ila usiifunge kesi hii kwanza."

Daktari akarudisha jicho kwenye darubini. "Ikiwa ni saratani ile ninayoifikiria, nimeiona vitabuni tu," alisema taratibu. "Tutatumia sampuli iliyobaki. Tuipake rangi maalumu, tusibahatishe."

Jioni ile wifi akatokea nyumbani kwao bila hodi, kama kawaida yake.

"Wifi, majibu yangu mmeyakalia huko?" alisema, akijitupa kwenye kochi. "Au mmeona seli zangu nzuri mnazipiga picha?"

Mume akacheka. Mtaalamu hakucheka naye.

"Majibu utapewa na daktari wako."

"Atayatunza. Wiki ijayo nasafiri kikazi, nikirudi baada ya miezi mitatu nitayachukua."

"Usisafiri kabla hujayapata."

Mume akamgeukia mkewe. "Kwani kuna nini?"

"Mimi siruhusiwi kuzungumzia vipimo vya mtu."

Akakimbilia jikoni, akafungulia maji, akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Wifi akamfuata na kufunga bomba.

"Niangalie. Umeona kitu?"

Kudanganya alishindwa, na kusema hakuwa na ruhusa. Isitoshe, hakuwa na uhakika. Huenda angemtia mtu kiwewe bure.

"Ahirisha safari," alisema. "Nakuomba tu, wifi."

Wifi alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Siku mbili zilizofuata mtaalamu hakula vizuri, na mumewe alimsemesha kwa mkato. Ijumaa daktari akamwita ofisini. Rangi ile hugeuka kahawia inapokutana na seli za aina fulani, na zile zilizobanana zilikuwa kahawia tupu.

"Uliona sawa," daktari alisema. "Saratani ya seli ndogo. Ni nadra sana hapa kwenye shingo ya kizazi, na ikianza kutembea haingoji mtu. Daktari wake nimeshampigia."

Mtaalamu akakaa chini bila kuambiwa. Alikuwa ameomba usiku kucha awe amekosea.

Wifi hakuwa amesafiri. Alikatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, kikathibitisha saratani, na picha zikaonyesha ugonjwa haujatoka pale ulipoanzia. Akafanyiwa upasuaji, kisha dawa za mishipani zilizomnyoa nywele na kumkausha mashavu. Muda wote huo alimpokea kaka yake wodini. Mtaalamu, mke wa kaka, aliambulia salamu tu.

"Ulijua," wifi alimwambia siku moja, akiangalia ukuta. "Mimi natania, na wewe unaosha vikombe."

"Nilishuku. Ningesema nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nina hasira."

Dawa zilipokwisha, ikafika siku ya kusomewa picha mpya. Asubuhi simu ya mtaalamu ikaita.

"Nisindikize," wifi alisema. "Kaka yako huyu akikaa kwenye benchi anatetemeka mpaka benchi linatetemeka."

"Kaka yangu? Si kaka yako?"

"Leo nimekupa wewe."

Waliingia pamoja. Daktari anayemtibu wifi alisema haoni kitu kwenye picha, lakini ugonjwa huu una tabia ya kurudi, hivyo watamfuatilia kwa miaka. Wifi akaitikia kwa kichwa kila neno. Walipotoka nje aliegemea ukuta wa korido, akashika mkono wa wifi yake kwa nguvu, akalia bila sauti mpaka watu wakaanza kuwapisha njia.