Kinywaji cha Mkwe Kilichoingia Kwenye Mlenda

Mwaka huo, tisini na sita nadhani, maana ng'ombe wa wale wafugaji, kina Ngusa, walikuwa wameshajaa bondeni, tulikaa na mgeni hapa Lumemo, Mjapani, jina lake Hamamoto. Mtu mpole, anakula wali kunishinda. Kazi yake ute. Alisema kwao kuna mizizi ya dawa za mababu, ukiichemsha inatoa ute, na maabara wameona ule ute unazuia virusi vya mafua visinate mwilini. "Kwenye chupa tu, baba," akasema. "Kwa mtu bado."

Basi alipoona mlenda wa bibi yenu Wilhelmina unavyovutika kwenye mwiko, hakutulia. Akauchemsha, akauchuja. Ikabaki kuumwagia spiriti kali, ute ujitenge. Kumbe chupa yake ya spiriti ilipasukia njiani kule Mbingu, na treni yake ni kesho.

Akaniangalia. Nami nikaangalia kuku. Ndani nilikuwa na chupa ya gongo, ile kali inayotoka kwanza ikipikwa, ukiiwashia kiberiti inashika moto. Lakini ilikuwa ya mkwe. Mzee Anselim wa Chita alikuwa anakuja mchana uleule kutupa jibu la posa, kama baba yenu Octavian atampata binti yake Siwema au hampati. Na Anselim hakai mahali pakavu.

"Mpe," Wilhelmina akasema.

"Na mkwe je?"

"Atakunywa uji. Huyu kijana anakula mlenda wangu hakunji uso. Wewe mpaka leo unakunja."

Nikampa. Akamimina polepole. Kwenye glasi zikaota nyuzi nyeupe, kama pamba inachanua majini. Mjapani alicheka mpaka akakaa chini.

Mara hodi. Anselim huyo. Akasalimia, akakaa, akajilamba midomo. Nikamweleza yote. Akainua glasi juani, akainusa. Nikaona Siwema anarudi Chita kabla hajafika.

"Kwa hiyo mpita njia umempa kinywaji changu."

"Nimempa, mzee mwenzangu."

"Basi binti yangu hatalala njaa hapa. Mchukueni." Akavuta uzi mmoja kwa kijiko, akatafuna. "Ila hii mmeiharibu."

"Baba, tafadhali," Mjapani akasema, amekumbatia glasi, "hayo ndiyo majibu yangu."

Ute uliobaki ulipanda treni ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Ule mwingine aliumeza babu yenu wa Chita, na mafua yanampata vilevile.