Upande Aliotupwa Wathome

Kaka yangu Wathome aligongwa na pikapu akiwa kwenye baiskeli, Jogoo Road, mwaka wa 1996. Dereva alisema Wathome alikuwa amesimama kando, kisha akaingia mbele ya gari makusudi. Kwa kuwa alikuwa ameachishwa kazi, watu waliamini. Mzee wa kanisa letu, Nyamai, alikuja matangani kwetu Mbotela akasema kanisa halimsomei ibada ya mazishi mtu aliyejiua.

Mama hakulia. Mimi pia sikulia. Asubuhi iliyofuata nilitembea hadi soko la Burma, maana ajali ilitokea mbele ya bucha ya Makokha.

"Pole, sistee," Makokha alisema, kisu bado mkononi. "Niliposikia kishindo nilitoka mbio."

"Ulimkuta wapi?"

Akanionyesha. Palikuwa ukingoni mwa lami, mkono wa kushoto ukija kwetu Mbotela, mbele moja kwa moja ya vioo vya gari vilivyomwagika pale alipogongwa.

"Na baiskeli?"

"Hapo hapo. Gurudumu la nyuma limekunjika kama chapati. La mbele liko juu linazunguka, mbio kweli. Mimi ndiye nililishika likasimama."

Nilimshukuru nikarudi nyumbani. Mzee Nyamai, ambaye kazi yake ni udereva wa lori, alikuwa akinywa chai. Nilimweleza tulivyofundishwa shuleni katika fizikia: vitu vikigongana, mwendo wao haupotei, hugawanywa upya tu. Kama Wathome alikuwa akikata barabara, mwendo wake wa kwenda kulia ungebaki, na angeangukia katikati ya lami. Alianguka mbele, ukingoni.

"Labda aliingia polepole, Kamene," alisema. "Hatua moja tu."

"Basi gari lingempata ubavuni, mzee. Gurudumu ukilisukuma kwa ubavu halizunguki. La mbele lilikuwa likizunguka mbio. Mzunguko huo alikuwa nao tayari, akiendesha kufuata barabara."

Mzee Nyamai aliweka kikombe chini.

"Hata lori likigongwa ubavuni, magurudumu huburuzika tu," alisema. "Hilo nimeliona. Na ni gurudumu gani lililokunjika?"

"La nyuma."

"Aligongwa kwa nyuma, huyu." Akasimama, akavaa kofia. "Nitaongea na mchungaji. Tutamsomea."

Nilidhani nitahisi kitu. Nilimfungulia mlango akaenda zake.

Mama alikuwa kwenye kigoda, akichambua mchele wa watu wa matanga.

"Kwa hivyo alikuwa anakuja nyumbani," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akachambua kidogo. Kisha akauliza kama masomo yale yanaweza kusema iwapo alisikia gari likija.

Nikamwambia hayawezi.

"Haya," alisema, akanisogezea nusu ya mchele.