Mkono Uliopaka Shubiri

Chiriku alizoea kutembea chupa ikining'inia menoni, mikono yote miwili huru, kama seremala aliyebana misumari mdomoni huku akitafuta nyundo. Wateja wangu walicheka kila alipokatiza sebuleni namna hiyo, akiruka mafungu ya nywele za bandia sakafuni. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka tangu daktari alipomvuta kope la chini na kunionyesha weupe uliokuwa ndani yake.

"Huyu damu imemwishia," daktari alisema. "Mtoto anayekaribia miaka miwili haishi kwa maziwa matupu. Yanamjaza tumbo, chakula hakipati pa kukaa. Chupa iondoke nyumbani, na ale. Akirudi wiki ijayo akiwa hivi hivi, nitamlaza."

Wodi ya watoto ilikuwa kwenye jengo lile lile alimolazwa dada yangu, na dada yangu hakutoka mle kwa miguu yake.

Ni yeye aliyemwita binti yake Chiriku, kwa sababu alibwabwaja kutwa kabla hajajua neno hata moja. Dawa zilipomzuia kunyonyesha, alimzoeza chupa. Tulipomzika nilihamia kwa shemeji na kiti changu cha kusukia, vitana vyangu na begi la nguo. Waombolezaji walinishika mkono wakasema mama mdogo ni mama. Niliitikia. Hakuna aliyekaa kunieleza umama huo unaanzia wapi.

Nilijaribu uji, viazi vya kupondwa, maini niliyoyachemsha na kuyasaga mpaka yakawa laini. Alifumba mdomo ukawa mstari. Nilijaribu kikombe chekundu, kikombe cha bati, kikombe changu mwenyewe. Alivisukuma vyote kwa kiganja kimoja, bila hasira, kama mtu anayekataa bidhaa mlangoni. Kisha jioni shemeji alirudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, macho mekundu kwa moto, hata usijue ni lini yalikuwa mekundu kwa kulia, akamjazia chupa.

"Shemeji, si tulikubaliana?"

"Analia, shemeji. Nitazibaje masikio?"

"Akilia, mwache alie."

"Wewe mnyime. Mimi siwezi kumnyima kitu alichopewa na mama yake."

"Basi utamzika nacho."

Neno likishatoka halina mlango wa kurudia. Alikaa akimshikia mwanawe chupa, na mimi nikakusanya vyombo ambavyo havikuwa na uchafu.

Kesho yake nilikuwa namsuka jirani yetu, mama tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwahi kuzimwa. Alimtazama Chiriku akipita na chupa yake, akaguna.

"Unambembeleza mno. Wangu wote niliwaachisha kwa shubiri. Unapaka kidogo tu. Anaonja, anakuangalia kama askari aliyekukamata na mali ya wizi, basi. Kesho hataki hata kuiona."

"Wale walikuwa wananyonya ziwa, mama. Hii ni chupa."

"Kwani ulimi unauliza? Uchungu ni uchungu. Aah! Polepole, mwanangu, hicho ni kichwa, si mkeka!"

Nikacheka, nami nikashtuka kusikia sauti yangu. Mfa maji hachagui cha kushika. Redio alipoondoka, nusu ya kichwa ikisubiri kesho, alimtuma mtu aniletee jani la mshubiri kutoka kwenye kopo lake dirishani.

Asubuhi nililikata jani, nikapaka utomvu wake wa manjano kwenye chuchu ya chupa. Chiriku alikuwa amesimama karibu na goti langu, akikitazama kidole changu kinavyozunguka. Nikampa.

Alivuta mara moja. Uso ukakunjamana, mabega yakamtetemeka. Akaniangalia, nami nikangoja aitupe. Hakuitupa. Alifumba macho akaendelea kunyonya. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, naye akanyonya, akimeza ule uchungu funda kwa funda, kwa sababu nyuma yake palikuwa na kile alichokitaka.

Nilimpokonya. Nikaitia mdomoni mwangu ile chuchu, nikajua nilichomlisha. Kisha nikachukua mkasi wangu wa nywele nikaikata vipande.

Hakulia. Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Nilimletea uji. Aliutazama mkono wangu, hakuutazama uji, akageuza uso ukutani. Nikamletea maji, akageuka. Ndizi, akageuka. Nilikuwa nimetaka aichukie chupa, naye chuki ile ameiweka mkononi mwangu. Mchana ulipopinduka midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yameingia ndani. Redio alikuja kumaliziwa nywele, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Alichungulia, akamwona mtoto alivyolala ubavu sakafuni. Hata yeye alizimika. Alinifinya bega, akarudi kwake na kichwa chake kile kile.

Nilimpigia shemeji simu. Alifika na aproni yake ya ngozi.

"Umempa nini?"

"Shubiri."

Alijitupa kwenye kiti cha kusukia, akanyoosha mkono. "Nipe chupa."

"Chuchu nimeikata."

Alichota kwa kijiko maini ya kusagwa yaliyokuwa mezani, akapiga magoti. Chiriku alifumba mdomo, akafumba na macho. Shemeji alikirudisha kijiko bakulini taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Mama yake naye alifika hapa," alisema. "Mpaka akakataa maji. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Natafuta gari. Mfungashie nguo, tumpeleke hospitali."

Alitoka. Nikabaki na mtoto, na bakuli la maini yaliyopoa. Sikumfungashia nguo. Nilikaa chini mbele yake, bakuli katikati yetu, mikono nikaikalia. Sikuwa na hila nyingine. Nilitaka tu asiione.

Kisha akajivuta, akakaa. Akakishika kijiko kwa ngumi, akachota, akamwaga nusu. Akakinyoosha kuja kwangu.

Tangu mazishi nilikuwa naishi kwa chai. Lakini macho yake yalikuwa yamenigandia usoni, yakipekua kila msuli, nikaelewa anachotafuta: dalili ya uchungu. Nilifumbua mdomo. Nikatafuna. Kilio cha miezi yote hiyo kilipanda na kile chakula, vikakutana kooni, nami sikuthubutu kukunja hata kope. Nilimeza.

"Tamu," nilisema.

Hakuniamini. Akachota tena, akanilisha tena, akasogea mpaka pumzi yake ikagusa kidevu changu. Nikameza tena, uso wangu umetulia kama maji ya mtungi.

Nje honi ililia. Shemeji akaita, "Mama mdogo! Gari hili hapa!" Sikuitika.

Chiriku alichota mara ya tatu. Akakiinua kijiko, akakitazama, akanitazama. Kikasimama hewani, katikati ya mdomo wangu na wake.