Kioo cha Mbele ya Lenzi

Kwa miaka kumi na miwili, mtu wa mtaa wa Makadara, Nairobi, akitaka picha ya maana alikwenda kwa Mativo. Studio yake ilikuwa chumba kimoja na nusu nyuma ya duka la mshonaji, karibu na Jogoo Road. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Ile nusu ndiyo chumba cha giza alikooshea picha. Ukigeuza picha za harusi zilizotundikwa kwenye sebule za mitaa ya Mbotela na Kaloleni, hata kwa watu wa reli kule Makongeni, nyingi zilikuwa na muhuri wake mgongoni. Alilijua hilo, na lilimtosha, mpaka mwaka wa sabini na nane.

Mwaka huo jirani yake Caleb Okoth, karani wa reli, aliachiwa kamera na mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa akirudi kwao. Mhandisi huyo alikuwa amelazwa mwezi mzima, na Caleb ndiye pekee kazini aliyekwenda kumjulia hali kila jioni. Kupiga picha Caleb alikuwa amefundishwa na Mativo mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa kamera ya kuazima.

Alikuja nayo studio imefungwa kwenye kitambaa cha mtoto.

"Baba Ndindi, hebu itazame hii lenzi."

Mativo, ambaye majirani walimwita kwa jina la mwanawe, aliichukua. Ilikuwa nzito, mdomo wake mpana kama kikombe cha chai. Aliielekeza dirishani, akaona nguo zilizoanikwa ng'ambo ya uwanja, akaona hata uzi uliochomoka kwenye pindo la shuka. Lenzi yake mwenyewe ilikuwa imeota kuvu kwa ndani, na kwa miaka minne alikuwa akikata pembe za picha ili wateja wasione.

"Nzuri," alisema, akairudisha kwenye kitambaa.

"Naogopa kuitumia," Caleb akasema. "Vumbi letu hili, na watoto wangu walivyo. Nasikia kuna kioo cha kufunga mbele, filta. Ikigongwa kinavunjika kioo, lenzi inapona. Lakini kuchagua sijui. Twende unichagulie wewe."

Wakaenda Eastleigh, kwenye duka la Jawahir, mama wa makamo aliyeuza vifaa vya kamera tangu marehemu mumewe alipomwachia kaunta ile. Jawahir alitandika kitambaa cheusi akaweka filta mbili, zote za kipimo cha lenzi ile.

Mativo aliinua ya kwanza chini ya taa, akaiinamisha kidogo. Taa ilionekana juu ya kioo hafifu sana, rangi ya zambarau kama ganda la biringani. Akainua ya pili. Hapo taa iling'aa nyeupe, kali, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Hakuhitaji kuambiwa. Kile cha kwanza kilikuwa kimepakwa dawa inayoacha mwanga upite. Cha pili kilikuwa kioo kitupu. Mwanga ungegonga hapo, urudi, uzunguke ndani ya lenzi na kuacha doa juu ya picha.

"Bei isikusumbue," Caleb alisema nyuma yake. "Wewe chagua tu kilicho bora."

Mativo aliendelea kuviinamia vile vioo. Aliwaza jinsi mtu anavyoweza kumpelekea mgonjwa uji na machungwa, kisha akapewa kitu ambacho mwingine amekitamani tangu ujana.

"Hiki," akasema, akaweka kidole juu ya cha pili.

Jawahir alimtazama. "Hicho?"

"Fremu yake ni nzito. Kitastahimili."

"Haya. Fundi ni wewe," Jawahir akasema, akakirudisha cha kwanza kwenye kiboksi chake.

Caleb alikifunga cha pili kwenye lenzi palepale, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Wiki za kwanza hapakutokea lolote. Caleb alipiga picha za nje, jua likiwa mgongoni kwake, na picha zikatoka safi. Watu wakaanza kumtaja. Mama mmoja wa kwaya, Kavata, alikuja studio kuchukua picha zake za kitambulisho, akauliza huku akizitazama, "Yule Okoth wa reli, anapiga harusi pia?" Mativo akajibu kwamba hajui. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Kisha Kimeu, dereva wa kaunsili ya jiji, akamwoza binti yake. Kimeu alitoka kijiji kimoja na Mativo huko Ukambani, lakini kazi ya picha alimpa Caleb. Kanisani maharusi walisimama mbele ya madirisha makubwa, jua likiingia nyuma yao. Jumatatu Caleb akaleta filamu kuoshwa.

Mativo alizitazama picha zikijitokeza ndani ya maji ya dawa, moja baada ya nyingine. Kwenye kila picha ya madhabahuni palikuwa na duara jeupe la mwanga, limemkaa bibi harusi shavuni kama sahani. Jicho moja lilionekana, jingine halikuonekana kabisa. Kwa dakika moja hivi Mativo alifurahi. Kisha akamsikia Caleb akikohoa nje ya mlango, akingoja, na furaha ile ikaisha.

Caleb alizitazama zote, moja moja. Mwishowe akasema, "Ni mkono wangu. Sijaiva." Akaenda mwenyewe kwa Kimeu kuomba radhi.

Kesho yake alirudi na kamera na lenzi yake ndani ya kile kitambaa. "Kaa nayo wewe, Baba Ndindi. Kwangu inapotea bure. Nitakuwa nakuja kutazama unavyoitumia."

Mativo akaipokea. Kabla ya kupiga picha ya kwanza vidole vyake viliifungua ile filta na kuitupa kwenye droo, hata bila kufikiri. Alimpiga picha mteja mmoja, mzee mchonga vinyago, na picha ile ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Aliiweka mezani siku tatu. Kila alipoitazama alijivunia, na kila alipojivunia alimwona Caleb mlangoni kwa Kimeu, kofia mkononi.

Siku ya nne akaenda kwa Caleb na kamera, lenzi na filta. Aoko, mkewe Caleb, alikuwa akisonga ugali.

"Mkono wako hauna kosa," Mativo alisema. "Ni hiki kioo nilichokuchagulia."

"Basi ulikosea," Caleb akasema. "Nani hakosei?"

"Sikukosea."

Mwiko wa Aoko ukasimama. Caleb alimgeukia jirani yake. "Ulijua mle dukani?"

"Nilijua."

"Nilikufanyia nini, Baba Ndindi?"

"Hukunifanyia kitu. Uliipata wewe, mimi sikuipata. Ni hilo tu."

Caleb akaichukua kamera na lenzi yake. Filta hakuigusa. "Nenda kwa Kimeu ukamwambie hivyohivyo," akasema.

Mativo akaenda. Kimeu alimsikiliza amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Binti alikuwa ameshakwenda Mombasa na mumewe. Picha za siku ile zisingeweza kupigwa tena.

Habari ikazunguka, na wateja wengine hawakurudi. Caleb alimsalimu asubuhi kama kawaida, lakini filamu zake alizipeleka mjini. Filta bora alikwenda kuinunua peke yake.

Karibu na Krismasi, Aoko akaingia studio na filamu mbili. "Amesema huko mjini wanamharibia," akasema, akaziweka juu ya kaunta.

Mativo alizipeleka chumba cha giza. Zilikuwa picha za mafundi wa karakana wamepumzika kando ya injini, na namna nyuso za watu hao zilivyoupokea mwanga, Mativo mwenyewe hakuwahi kuipata. Wivu ukamshika tena, uleule. Alisimama nao kidogo. Kisha akaichukua ile picha ya kwanza, akaona imetoka nyeupe mno pembeni, akaitupa, akatoa nyingine kutoka filamu ileile.

Aoko aliporudi alizifunua moja moja. "Zimetoka vizuri?"

"Zimeshinda zangu," Mativo akasema, akamtafutia bahasha ngumu zisije zikakunjika njiani.