Sauti Iliyofunga Madirisha

Tangu semina ianze nilikuwa na kinyongo na huyu Florentin. Alitoka Kinshasa kutufundisha sisi waandishi wa habari wa Kindu namna ya kutangaza habari za joto kali, na joto lenyewe alilikwepa kwa kukaa mbele ya feni peke yake. Sisi tulilowa jasho. Nikamwambia mbele ya wote, "Papa, hiyo feni nayo iko inafuata semina? Ugeuze basi na huku!" Watu wakacheka. Naye akacheka, akaigeuza, na hilo likaniudhi zaidi, maana nilitaka tugombane kidogo.

Mimi ni Scholastique. Kama ulikaa Kindu siku za vita, sura yangu huenda huijui, lakini sauti yangu unaijua. Risasi zilipoanza kulia pembeni ya mji, ni mimi niliyekaa kwenye mikro ya redio yetu ndogo na kusema, "Wakaaji wa Kindu, bakini ndani ya nyumba zenu." Watu walijua la kufanya. Mlango unafungwa kwa komeo, dirisha linazibwa kwa godoro, wote mnalala chini ya kitanda, hakuna kukohoa. Na hakuna kufungua mpaka niseme tena, "Mji umetulia. Fungueni."

Jirani yetu Isidore alifungua kabla ya hapo, kwa sababu mdogo wake alimwita mlangoni. Kweli alikuwa mdogo wake, lakini nyuma yake walisimama watu wenye bunduki. Tuliwazika wote wawili. Tangu siku hiyo mama mukubwa Albertine, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea mimi, aliapa kwamba mtu akiita mlangoni, hata awe mwanawe wa kumzaa, hafungui. Atafungua kwa redio tu.

Sasa siku ya mazoezi, Florentin alitaka tuandike tangazo fupi, tulisome hewani, kisha tushuke mitaani kuona watu wamelipokeaje. Asubuhi ile jua lilikuwa limeshakasirika, hata mbuzi walikataa kutoka kivulini. Mimi niliandika karatasi nzima. Florentin akaikatakata.

"Fupi, mama. Mutu mwenye kusikia joto hana nguvu ya kusikiliza hotuba."

Yakabaki maneno machache, na sikubisha, kwa sababu yalikaa vizuri mdomoni. Nikayasoma: "Wakaaji wa Kindu, leo ni joto kali. Kunyweni maji. Bakini ndani ya nyumba zenu." Sitajifanya mnyenyekevu, niliyasoma vizuri, kama zamani. Florentin alipiga makofi.

Saa sita hivi tukapanda pikipiki, mimi na yeye, hadi Mikelenge. Nilimchagulia mtaa wa kwetu ili nimwoneshe watu wanaonisikiliza. Vijana walikuwa nje, wamekaa chini ya miti, wanapepea kwa maboksi. Lakini nyumba za wazee zilikuwa zimefungwa. Madirisha yote. Katika moja niliona godoro limebanwa kwa ndani, limejaza dirisha zima.

"Wamesafiri?" Florentin aliuliza.

Maneno yangu yenyewe yalinirudia: bakini ndani. Jamani! Nyumba za mabati, jua la saa sita, na wazee wamejifungia wanangoja vita ipite. Na mama mukubwa ana ugonjwa wa tansio, ile presha ya damu, na anaishi peke yake. Nilimwacha Florentin anauliza, nikakimbia.

Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikaweka kiganja kwenye bati la mlango, likaniunguza.

"Mama mukubwa, ni mimi, Scholastique! Fungula mulango!"

Nikagonga kwa nguvu.

"Mama, hakuna vita! Ni jua tu! Fungula!"

Nilisikia pumzi, fupi fupi, kama ya mbwa mgonjwa. Alikuwa hai. Florentin akafika, naye akaupiga mlango kwa ngumi akipaza sauti, na Kiswahili chake cha Kinshasa, chenye Lingala ndani, kilikuwa kilekile cha askari wa zamani. Ndani kitu kizito kikaburuzwa. Alikuwa anasogeza kitanda kuzuia mlango.

"Nyamaza!" nilimpigia kelele. "Utaniulia mama!"

Florentin alinywea. Akasema polepole, "Anamusikiliza nani, mama? Kama si wewe hapa mulangoni, anamusikiliza nani?"

Nikatoa simu, nikampigia Okito, fundi wetu wa studio.

"Nipe antena sasa hivi, niseme hewani."

"Mama, iko muziki."

"Kata muziki, Okito! Watu wanakufa!"

Akakata. Nikasema kwa simu, "Wakaaji wa Kindu, ni Scholastique. Hakuna vita. Narudia, hakuna vita. Mji umetulia. Fungueni milango, fungueni madirisha, tokeni mkae kivulini."

Dirisha likafunguka ng'ambo ya njia. Kisha lingine, kisha mlango. Mzee mmoja alitoka kifua wazi, amelowa jasho, ameshika viatu mkononi. Mtaa mzima ulifunguka, nyumba hadi nyumba.

Mlango wa mama mukubwa haukufunguka. Nikarudia tangazo. Nikabandika sikio mlangoni nisikie redio yake, nikasikia pumzi tu, na sasa zilikuwa zinachelewana. Hapo nikaishiwa. Sikumwita tena, wala sikumbembeleza. Niliteleza chini, nikalia kwa sauti kama mtoto, mimi mama mzima, mbele ya mtaa.

Kitanda kikaburuzwa tena. Komeo likalia. Mlango ukafunguka kwa nguvu na joto la ndani likanipiga usoni.

Mama mukubwa alisimama, ngozi kavu, macho mekundu, panga mkononi. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Wako wapi?" alisema. "Wenye walikukamata wako wapi?"

Kisha magoti yakamwishia. Tulimdaka mimi na Florentin, tukamlaza kwenye kivuli cha ukuta, jirani akaleta ndoo. Florentin alimmwagia maji miguuni na kumpepea kwa shati lake mwenyewe. Sikumtania.

Alipoweza kunywa nilimuuliza, "Mama, ulisikia redio?"

"Betri zilikufa asubuhi, kisha ya wewe kusema tubaki ndani."

"Basi kwa nini umefungula?"

"Nilisikia uko unalia."

Tulijaribu kumnyang'anya panga, akakataa. Alilishika mapajani mpaka pikipiki ya kumpeleka hospitali ikaja.